Hofu Itanguliayo Mshindo

Mwaka jana, katika msimu wa senene, mpwa wangu aliyelowea Marekani kwa miaka mingi alirudi Kamachumu, wilayani Muleba, kumwamkia mama yake; na jioni moja, tulipokwisha kutafuna buni za kukirimia mgeni na kuketi barazani tukitazama ukungu ukitanda juu ya migomba, alinitolea shaka ambayo sikuitazamia kwa mtu wa makamo, mwenye kazi yake na watoto wake.

"Mjomba," alisema, "wewe ulipitia mgambo. Hebu niambie, mkono wa mtu huacha lini kutetemeka?"

Nikadhani ni maradhi. Kumbe huko Texas anakokaa, nguruwe mwitu wamekuwa balaa la mashamba, nao huwindwa mwaka mzima. Na wenzake kazini walikuwa wamemtia hamu ya kuwawinda, si kwa bunduki ndefu tuijuayo, bali kwa bastola kubwa iliyofungwa darubini juu ya mtutu wake. Alipata kibali, akanunua, akaenda nayo kwenye uwanja wa shabaha, na tangu siku ya kwanza alipotia jicho katika kioo, ule msalaba wa nyuzi mbili uliomo ndani ya darubini haukutulia hata nukta moja: ulipanda, ukashuka, ukazunguka shabaha kama nzi azungukaye kikombe cha uji.

"Kabla ya darubini," aliendelea, "mkono wangu ulikuwa mzima. Nimefunga darubini, mkono umeugua."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini maneno yale yalikuwa na elimu ndani yake kuliko alivyodhani msemaji, na kwa kuwa jawabu lake halimfai mwenye bastola peke yake, bali kila mtu ambaye kazi yake yataka mkono mtulivu, nimeona si vibaya kulieleza hapa kwa wasaa. Jawabu lenyewe sikulitunga mimi. Nimeliokota kwa watu watatu: Wazungu wawili waliopita katika nchi hii ya Kagera zamani, kila mmoja kwa shughuli yake, na mwalimu mmoja wa mgambo ambaye hakuna kitabu kilichomtaja.

Msomaji wa Bukoba au Muleba, asikiapo neno bastola, aghalabu humkumbuka askari polisi mwenye silaha kiunoni, au mfanyabiashara alalaye na fedha za kahawa, hamkumbuki mwindaji. Wala hakosei. Kwetu bastola si silaha ya kuwindia: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yamtaka kila mwindaji awe na leseni, na mgeni ajaye kuwinda katika nchi yetu hutakiwa aje na bunduki ndefu, bastola yake aiache kwao. Fauka ya hayo, hakuna aruhusiwaye kumiliki silaha ya moto ila kwa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Na yale mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambayo baba zetu waliyajua kwa nyati na swala wake, yalifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji wa namna yoyote. Basi makala haya hayamwiti mtu kununua kitu. Yanaeleza sanaa ambayo kwingine imekubaliwa na kwetu haina mahali, lakini ambayo siri yake iko hapa hapa, ufukweni mwa Bukoba, kwa mwenye kutaka kuitafuta.

Uwindaji wa bastola ulikua hasa Marekani. Mwaka 1955 kampuni ya Smith & Wesson ilitoa bastola ya risasi iitwayo .44 Magnum, iliyotengenezwa kwa ushirika na kampuni ya Remington, baada ya mchunga ng'ombe na mwandishi mmoja wa jimbo la Idaho, Elmer Keith, kushikilia kwa miaka mingi kwamba bastola yaweza kubeba baruti nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 1963 Remington ikatoa XP-100, yenye komeo kama la bunduki ndefu na inayobeba risasi moja tu kwa wakati; na mwaka 1967 kampuni ya Thompson/Center ikatoa Contender, iliyobuniwa na fundi Warren Center, ambayo hukunjuka katikati kama bunduki ya marisau, hutiwa risasi moja, na mtutu wake waweza kuondolewa na kutiwa mwingine wa kipimo kingine. Anayeziona silaha hizi kwa mara ya kwanza hukaribia kusema kwamba ni bunduki zilizokatwa kitako, na hatakuwa mbali na kweli.

Juu ya silaha za namna hiyo ndipo hufungwa darubini, nayo si darubini yoyote. Darubini ya bunduki ndefu humtaka mlengaji alisogeze jicho lake hadi sentimita 8 au 10 kutoka kwenye kioo. Lau angefanya hivyo kwa bastola, silaha irukapo nyuma ingempasua nyusi. Kwa hiyo darubini ya bastola huundwa kwa namna ambayo jicho huona picha kamili likiwa mbali, kati ya sentimita 30 na 60 hivi, yaani urefu wa mkono ulionyooshwa. Sharti hilo lina gharama yake: jicho likipotea kidogo tu kushoto au kulia, picha hugeuka giza, na mwanafunzi hupoteza siku zake za kwanza akitafuta dirisha kabla ya kutafuta shabaha.

Sasa tulikabili lile swali la mkono uliougua. Bastola isiyo na darubini hulengwa kwa alama mbili, moja nyuma na moja mbele, na alama hizo sharti zilingane katika jicho. Chukulia kwamba kati yao pana sentimita 20, na mlengaji akakosea ulinganifu kwa milimita moja, unene wa ukucha. Hesabu ya shule ya msingi yatosha kuonyesha kwamba katika mita 50 risasi itakwenda kando sentimita 25, umbali wa kutosha kumkosa mnyama au, vibaya zaidi, kumjeruhi asife. Kwa bunduki ndefu, ambayo alama zake zaweza kuachana sentimita 60, kosa lile lile humpotosha mtu sentimita 8 tu. Darubini huondoa taksiri hiyo, maana ndani yake hakuna alama mbili za kulinganisha: pana msalaba mmoja, na msalaba na shabaha huonekana pamoja kwa uwazi mmoja. Mwenye umri wa kuanzia miaka 45, ambaye jicho lake limekwisha kuchoka kuona vya karibu na vya mbali kwa wakati mmoja, huipokea kama zawadi.

Lakini darubini ikuzayo kitu mara nne hukuza na mtetemo mara nne. Mkono wa mpwa wangu ulikuwa ukitetemeka siku zote. Jicho lake tupu, likihangaika na alama mbili na shabaha moja, halikupata nafasi ya kuuona. Alikuwa kama mtu aliyewasha taa katika nyumba ya giza, akailaumu taa kwa vumbi aliloliona.

Mtetemo wenyewe una asili yake katika maumbile. Moyo hupiga, na kila pigo hufika hadi ncha za vidole. Mapafu huinua na kushusha mabega. Na misuli ishikayo kitu huifanya kazi hiyo kwa nyuzi nyingi zinazopokezana, moja ikikaza ilhali nyingine inalegea, kama wapiga makasia wasiotia makasia majini kwa pamoja. Bunduki ndefu hutulia kwa sababu ina marafiki wanne: bega, shavu na mikono miwili. Bastola ina mikono peke yake, tena mwishoni mwa dhiraa zake. Jaribu kuchukua ndoo ya maji ukiwa umeikumbatia kifuani, kisha uichukue ukiwa umenyoosha mikono mbele, nawe utaufahamu ugumu wa bastola bila ya kusikia harufu ya baruti.

Basi nilimwambia mpwa wangu kweli yenyewe: mkono hauachi kutetemeka. Hautaacha kwake, wala haukuacha kwa waliomtangulia. Akauliza, "Sasa mjomba, wanapigaje?" Hapo nikamsimulia habari za mzee mmoja aliyeteremka kutoka merikebuni katika ufuko wa Bukoba, akiwa na umri wa miaka 63.

Mwezi wa Juni 1915, wakati Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakipigania ardhi isiyokuwa ya yeyote kati yao, jeshi la Kiingereza lilipakia askari katika meli huko Kisumu, likavuka ziwa, na kwa siku za tarehe 21 hadi 23 likaushambulia mji wa Bukoba, kusudi kubwa likiwa kuuvunja mnara wa simu ya upepo ambao kwao Wajerumani walipeleka na kupokea habari. Miongoni mwa vikosi vya jeshi hilo kilikuwamo kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, mkusanyiko wa ajabu wa wawindaji, mabaharia, wachunga ng'ombe na wasafiri wa kila pembe ya dunia. Na humo alikuwamo luteni Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyejulikana kuliko wote wa zama zake, ambaye kwanza alikataliwa jeshini kwa ajili ya uzee. Walitua kaskazini ya mji, wakapanda majabali, wakapigana mle mle katika migomba na mawe ambamo leo watoto wetu hufuata mbuzi, mnara ukaangushwa, nao wakarudi melini.

Mtu angetazamia kwamba mwindaji wa sifa ile alikuwa na mkono wa chuma. Yeye mwenyewe alikana. Katika kitabu chake cha mwaka 1881, A Hunter's Wanderings in Africa, alikiri jambo ambalo wenye sifa hawapendi kulikiri. Baada ya kufika Afrika ya Kusini mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 19, alinunua bunduki mbili za bei ndogo za kupigia tembo, kila moja ikitupa risasi ya robo ratili, yaani gramu 113 hivi, kwa baruti iliyochotwa kwa konzi kutoka katika mfuko wa ngozi na kusindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Tembo walianguka, lakini kila mshindo ulimpiga teke mpigaji, na wakati mwingine ulimtupa chini. Akazitumia hivyo kwa miaka michache, kisha akapata bunduki zilizo bora na nyepesi. Mateke yakakoma. Hofu yake haikukoma. Aliandika kwamba adhabu ile iliharibu mishipa yake ya fahamu, ikaathiri ulengaji wake tangu siku hizo, naye akajuta kuwa alipata kuzigusa silaha zile.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa habari yote. Adui wa mlengaji si mtetemo ule mdogo, wa daima, unaotokana na damu na pumzi. Adui ni mwili unaojua kwamba teke laja, na kwa kutaka kujilinda hujikaza, hufumba macho na kusukuma silaha mbele nukta moja kabla ya mshindo. Mtetemo hupotosha risasi kwa upana wa kidole. Hofu huipotosha kwa upana wa mlango. Na kwa kuwa mshindo hufuata mara moja na kufunika kila kitu, mwenye hofu haioni hofu yake. Huona risasi imekwenda chini, akairekebisha darubini. Kesho risasi imekwenda chini na kushoto, akailaumu baruti.

Jambo hilo mimi nililifunzwa Muleba, katika ujana wangu, kwenye uwanda wa nyasi tunaouita rweya, si mbali sana na Kaboya walikozikwa mashujaa wa vita vya Kagera. Mwalimu wetu alikuwa askari mstaafu aliyevuka mpaka kuingia Uganda mwaka 1979, mtu wa maneno machache na kofia iliyokwisha kupauka. Siku ya kwanza hakutupa risasi. Alitulaza kifudifudi, akahakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba kila bunduki ni tupu, kisha akapita akiweka juu ya kila mtutu, karibu na mdomo wake, sarafu ya shilingi moja, upande wa mwenge ukiwa juu. Amri ilikuwa kuvuta kifyatulio, ambacho sisi tulikiita triga, pasipo sarafu kuanguka. Asubuhi nzima uwanda ule ulijaa mlio wa shilingi zinazogonga mawe. Aliyevuta kwa pupa, shilingi yake iliruka. Aliyevuta kwa kidole chote, mpaka kiungo cha pili, shilingi yake iliteleza kando. Na aliyeuweka ule unofu wa mbele wa kidole juu ya triga, akauongeza uzito kidogo kidogo, moja kwa moja kuja nyuma, kama mtu aminyaye ndizi kuona kama imeiva, yule shilingi yake ilibaki.

Kufika adhuhuri wote tulikuwa tumeijua kazi, nasi tukaingiwa na ghururi. Ndipo mwalimu akaleta risasi. Kila mtu alitiliwa risasi na mwalimu mwenyewe, nyuma ya mgongo wake, asione. Zamu yangu ilipofika nililenga, nikapumua, nikaminya kama nilivyoiminya asubuhi, na badala ya mshindo nikasikia "tk" kavu. Alikuwa amenitilia ganda tupu. Lakini mdomo wa bunduki yangu, ambao haukupigwa na chochote, ulikuwa umeshuka ghafla ukagusa nyasi.

"Umedonoa," alisema mwalimu. Na kweli bunduki ilikuwa imedonoa kama kuku. "Kijana, nani amekupiga?"

"Hakuna, afande."

"Mbona umefumba macho?"

Sikuwa na jawabu. Wenzangu walicheka mpaka zamu zao zilipofika, nao wakadonoa mmoja baada ya mmoja. Hakutukemea. Aliendelea kutuchanganyia, risasi ya kweli na ganda tupu, tusijue ipi ni ipi, mpaka mwili ulipochoka kungoja teke ambalo huenda lisije. Na kufika jioni ya siku ya tatu, wengi wetu tulisikia ule mlio mkavu na bunduki zetu zikabaki zilipokuwa.

Dawa ile, nilimwambia mpwa wangu, ndiyo itakayomfaa mwenye bastola, tena yeye anaihitaji kuliko sisi, kwa sababu bastola ya kuwindia ni nyepesi kuliko bunduki na baruti yake ni nyingi, nayo hurukia usoni pa mpigaji, haizami begani. Mwanafunzi aanze na silaha ya risasi ndogo isiyo na teke, au na risasi hafifu katika silaha yake kubwa. Ayazibe masikio yake sawasawa, maana nusu ya hofu huingilia masikioni. Na avae miwani ya kulinda macho. Afyatue tupu nyumbani, silaha ikiwa imekaguliwa mara mbili na risasi zikiwa chumba kingine, mara nyingi kuliko atakavyofyatua kwa baruti uwanjani. Kisha amwombe mwenzake amchanganyie maganda, na asione haya kuchekwa.

Habari ya egemeo nayo ina mlango wake. Mwindaji mwema wa bastola hasimami wima na kunyoosha mikono kama wafanyavyo katika sinema. Huketi chini, magoti juu, akaegemeza dhiraa zake juu ya magoti, mgongo wake ukipata mti au mfuko. Au hulaza mikono juu ya gunia la mchanga, au juu ya fimbo yenye panda. Mtutu wenyewe usilazwe juu ya kitu kigumu kama jiwe, maana silaha huruka kutoka kwenye kitu kigumu, risasi ikaenda juu. Kati ya chuma na jiwe kuwe na mkono, au kofia, au mfuko laini. Na kama bastola ni ya gurudumu la risasi, vidole vya mkono wa pili visikaribie mwanya ulio kati ya gurudumu na mtutu, kwa kuwa hapo hutoka mvuke wa moto wenye nguvu za kuchana nyama. Mkono ushike kwa nguvu zile zile kila mara, si za kunyonga wala za kulegea, kwa sababu bastola hurudi kwa namna ishikwavyo, na mshiko ukibadilika pahali pa risasi hubadilika pia.

Kisha pumzi. Mtu akivuta pumzi na kuitoa kwa kawaida, mwishoni pana kituo kidogo ambapo kifua hakitaki kuingiza wala kutoa. Hapo ndipo msalaba hutembea kidogo kuliko wakati wote. Kituo hicho hudumu sekunde chache. Ang'ang'aniaye hadi sekunde 10 na kuzidi, jicho lake huanza kuingia kiwi na moyo kudunda, na hapo ni heri ashushe silaha, apumue, aanze upya. Wala asiuwinde msalaba. Huyu ndiye mwanafunzi niliyemwona katika mpwa wangu: angoja msalaba upite katikati ya shabaha, kisha avuta kwa ghafla ili auwahi. Kwa kuuwahi huupoteza. Auache utembee duara lake dogo juu ya shabaha, kama mvuvi wa dagaa aachavyo mtumbwi upande na kushuka na wimbi huku mikono yake ikiendelea na wavu, naye aongeze uzito wa kidole taratibu mpaka silaha ilie yenyewe, karibu kumshtua. Risasi haitaangukia katikati kabisa; itaangukia ndani ya duara lile, na duara lile, kwa mtu asiyedonoa, ni dogo kuliko alidhanivyo.

Udogo wake hupimwa kwa sahani. Sahani ya kulia wali ina upana wa sentimita 20 na kitu, karibu sawa na mahali pa uhai katika kifua cha mnyama wa kimo cha swala. Darubini ikisharekebishwa, yaani mtu amepiga risasi tatu kutoka kwenye egemeo thabiti, akatazama zilikojikusanya, akaizungusha skrubu mpaka mkusanyiko ukafika kwenye alama, na aanze mita 25, asogee nyuma hatua kwa hatua. Mahali ambapo risasi moja tu kati ya tano imeikosa sahani, hapo amekwisha kuuvuka mpaka wake, hata kama kampuni imeandika kwamba risasi yaweza kwenda mara nne ya hapo. Mnyama hana sehemu katika ubishi wa kampuni na mwindaji, naye ndiye ajeruhiwaye.

Nilimsimulia na Mzungu wa pili, maana darasa la shabaha lisilo na darasa la hadhari ni nusu ya elimu. Mwezi wa Novemba 1861, John Hanning Speke alifika Karagwe, katika jumba la Omukama Rumanyika huko Bweranyange, akakaribishwa kwa heshima kubwa, na katika vilima vile aliwapiga vifaru kwa bunduki yake kabla ya kuendelea na safari yake ya Buganda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Alivuka nyika, homa na njaa, akarudi kwao salama. Tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya kukabiliana na Richard Burton katika mjadala juu ya Nile uliotazamiwa kwa hamu katika mji wa Bath, alikwenda kuwinda kware karibu na shamba la jamaa zake, Neston Park. Alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake mwenyewe ilifyatuka ikampiga kifuani. Alikuwa na umri wa miaka 37.

"Ukuta mfupi," mpwa wangu alirudia.

"Naam, usiofika kifua cha mtu. Na bunduki yake ilikuwa ndefu. Bastola yako ni fupi, kifundo cha mkono kikigeuka tu, mdomo wake umekutazama wewe au mwenzako. Uvukapo ua, toa risasi kwanza."

Alikaa kimya kitambo, mama yake akatuita tukale. Juma lililofuata alisafiri.

Ama Selous, baada ya Bukoba alipanda cheo akawa kapteni, akapewa nishani, akaendelea kupigana mpaka tarehe 4 Januari 1917, ambapo huko Beho Beho, karibu na mto Rufiji, alipigwa risasi na mlenga shabaha wa upande wa Wajerumani, akazikwa papo hapo. Pori kubwa lililoitwa kwa jina lake tangu mwaka 1922 lilimegwa mwaka 2019, sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina la aliyempiga halikuandikwa kwa yakini popote, wala hatujui ni nani aliyemfunza. Lililo dhahiri ni kwamba siku ile hakudonoa.

Mpwa wangu alinipigia simu mwezi wa Aprili. Kule kwao ilikuwa asubuhi, nami nilikuwa shambani nikipogoa kahawa. Alisema rafiki yake amekuwa akimchanganyia maganda kila Jumamosi tangu aliporudi, na kwamba majuma sita ya mwanzo yalikuwa ya aibu tupu.

"Lakini jana, mjomba, ya nne ilikuwa ganda tupu, nami sikujua. Nikasikia 'tk'. Nilikuwa bado natazama ndani ya darubini. Ule msalaba ulikwenda kushoto kidogo, ukarudi, ukaenda juu kidogo, ukarudi, mwendo wake ule ule. Haukudonoa."

Nikamwuliza habari za nguruwe.

"Bado, mjomba," akajibu. "Kwanza sahani."